Fedha ya Kutibu Ng'ombe Itafutwe Kabla Ng'ombe Hajaugua

Ndugu msomaji, wewe unayefuga Magamba, au Kasokola, au popote pale katika wilaya ya Mpanda, hebu tujiulize swali moja. Ng'ombe wako akilala leo zizini asiweze kuinuka, nani atalipa gharama ya kumtibu?

Wengi wetu tutajibu haraka: "Serikali ipo." Wengine watasema: "Nitakopa kwa jirani." Wengine watanyamaza tu. Na hapo ndipo hasara inapoanzia. Ng'ombe haugui siku ambayo mwenyewe ana fedha mfukoni. Mara nyingi huugua mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Wakati huo kupe ni wengi majanini. Chakula ndani kimepungua. Mpunga na mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha kuuzwa. Na wakati huo huo ndipo maksai wanatakiwa wavute plau.

Maksai wawili wakifa Novemba, mwenyewe hakupoteza ng'ombe tu. Amepoteza shamba la mwaka mzima. Atalima kwa jembe la mkono ekari moja, mahali alipozoea kulima nne au tano. Mwaka unaofuata watoto watakula mara moja kwa siku. Kwa hiyo jambo hili la gharama ya matibabu si dogo hata kidogo.

Katika makala hii tutaeleza msaada wa fedha unapatikana wapi. Lakini tuseme ukweli tangu mwanzo: msaada mwingi upo kabla ng'ombe hajaugua. Akisha kuugua, msaada huwa mchache sana.

NJIA MBAYA ZA KUPATA FEDHA

Kwanza tuzitazame njia ambazo watu wengi huzifuata kwa haraka. Tufanye hesabu pamoja. Hesabu hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za kwenu.

Tuseme ng'ombe wako anaumwa, na dawa pamoja na kazi ya mtaalamu ni shilingi 60,000. Fedha huna. Unaamua kuuza ndama haraka. Ndama huyo bei yake ni shilingi 250,000. Lakini mnunuzi anakuona una shida, anakupa shilingi 150,000. Umepata 60,000 ya dawa, ndiyo, lakini umepoteza shilingi 100,000 kwa sababu ya haraka.

Au unakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Tuseme anakukopesha shilingi 60,000 na riba yake ni shilingi 18,000 kila mwezi. Ukingoja mavuno miezi 4, riba peke yake ni shilingi 72,000. Riba imezidi mkopo wenyewe! Na bado hujalipa ile 60,000.

Njia ya tatu ni kuuza mpunga ungali shambani haujaiva. Hapo unauza jasho lako kwa bei ya chini, na mwenzako ndiye anayevuna.

Njia ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu huona ng'ombe anakata roho, akamchinja upesi ili auze nyama arudishe fedha. Kumbe ng'ombe ana kimeta. Kimeta huua watu. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au mkunduni, asichunwe wala asipasuliwe. Mtaalamu aitwe. Hakuna fedha inayolingana na uhai wa mtu.

Basi, njia nzuri ni zipi?

SERIKALI INASAIDIA WAPI?

Wazee wetu wanakumbuka kuwa katika miaka ya 1970 Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za majosho na dawa. Kuanzia miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Wafugaji walianza kuchangia, na majosho mengi yakaachwa yakafa. Siku hizi matibabu ya ng'ombe mmoja mmoja ni juu ya mwenye ng'ombe. Mtaalamu wa Serikali atakuja, atakushauri, lakini dawa utanunua mwenyewe.

Hata hivyo yapo magonjwa ambayo Serikali husaidia. Ni yale yanayoenea kutoka zizi hadi zizi. Sababu yake ni rahisi. Ng'ombe wa jirani akipata homa ya mapafu, kesho ni zamu ya wako. Ukuta wa zizi hauzuii ugonjwa. Kwa hiyo kinga ya magonjwa hayo ni kazi ya wote, na fedha za wote hutumika.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ugonjwa wa sotoka ya ng'ombe. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi sana, na njaa kubwa ikafuata. Baadaye nchi zetu na nchi nyingine za dunia zilishirikiana kuchanja. Hakuachwa mfugaji mmoja mmoja ahangaike peke yake. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani kote. Leo hakuna mfugaji yeyote anayelipa hata senti moja kutibu sotoka hiyo.

Sasa tutazame msaada uliopo katika miaka hii yetu.

Kwanza ni chanjo. Mwezi Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe huchanjwa homa ya mapafu. Mbuzi na kondoo huchanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni ugonjwa mwingine, haukwisha kama ule wa ng'ombe. Kuku wa asili huchanjwa pia. Kampeni ilipozinduliwa, Serikali ilitangaza kuwa inalipa nusu ya gharama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mfugaji alitakiwa kutoa shilingi 500 kwa ng'ombe na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo. Kuku wa asili walichanjwa bure, na hereni za utambuzi zilitolewa bure.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye ng'ombe 6 na mbuzi 8, kwa bei hizo, atalipa hivi:
Ng'ombe 6 mara 500 ni shilingi 3,000.
Mbuzi 8 mara 300 ni shilingi 2,400.
Jumla ni shilingi 5,400.
Je, ni afadhali kutoa 5,400 leo, au kutafuta 60,000 kesho kwa ajili ya ng'ombe mmoja tu? Jibu unalo. Muulize afisa mifugo wa kata yako bei ya sasa na siku ya zoezi. Usingoje kusikia kuwa timu ya chanjo ilikuja ikaondoka.

Pili ni josho. Mwaka 2018 Serikali ilianza kampeni ya kitaifa ya kuogesha mifugo, na dawa za kuogeshea zikaanza kutolewa kwa ruzuku. Ruzuku maana yake ni kwamba Serikali inalipa sehemu ya bei. Lakini dawa hiyo huenda kwenye josho linalofanya kazi, lenye maji na lenye kamati. Kijiji ambacho josho lake limepasuka na limejaa majani hakiwezi kufaidi. Kwa hiyo kukarabati josho nako ni kutafuta fedha ya matibabu, ingawa watu wengi hawalioni jambo hilo hivyo.

Tatu ni mbwa. Watu husahau mbwa kwa sababu hakamuliwi wala havuti plau. Lakini mbwa mwenye kichaa akimng'ata mtoto, gharama ya sindano za mtoto huyo ni kubwa mno, na akichelewa kupata sindano hana pona. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huchanja mbwa na paka bure au kwa bei ndogo. Ulizeni mapema.

KUPE NI MWIZI WA FEDHA

Katika magonjwa yanayotumalizia fedha, ndigana kali iko mstari wa mbele. Huletwa na kupe. Ng'ombe huvimba matezi chini ya sikio na mbele ya bega. Hupata homa kali, hupumua kwa shida, na mwishoni hutoka povu puani. Ndama ndio hufa zaidi. Dawa yake ni ghali, na hufaa zaidi ikitolewa mapema. Ng'ombe akisha kutoa povu, mara nyingi fedha ya dawa inakuwa imetupwa.

Kinga ya kwanza ni kuogesha. Ya pili ni chanjo ya ndigana kali, ambayo utafiti wake ulifanyika huko Muguga nchini Kenya. Ndama akichanjwa mara moja, kwa kawaida hupata kinga ya maisha yake yote. Chanjo hii ina jambo lake. Hutunzwa kwenye mtungi wenye ubaridi mkali sana. Mrija mmoja wa chanjo huweza kutosha makumi ya ndama, na ukisha kuyeyushwa ni lazima utumike siku hiyo hiyo. Mtu mwenye ndama wawili hawezi kumwita mtaalamu peke yake, gharama itamshinda. Lakini kaya 15 zikikusanya ndama wao mahali pamoja siku moja, gharama inagawanyika, na kila mmoja anaimudu.

Umeona, ndugu msomaji? Tumerudi pale pale. Dawa ya bei kubwa kwa mtu mmoja huwa ya bei nafuu kwa watu wengi.

MFUKO WA MIFUGO WA KITONGOJI

Sasa tuje kwenye njia iliyo mikononi mwetu wenyewe. Hii haihitaji kungoja mtu wa mbali.

Zamani huko Uingereza, katika karne ya 19, wanavijiji maskini walikuwa na vyama vya ng'ombe. Kila mwanachama alitoa mchango mdogo kwa kila ng'ombe wake. Kamati ilimkagua ng'ombe kwanza kama ni mzima, kisha ikamtia alama. Ng'ombe huyo akifa, mwenyewe alilipwa kutoka kwenye mfuko. Watu hao hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani wenye ng'ombe mmoja au wawili.

Sisi tunazo VICOBA. Akina mama wetu wanazifahamu sana. Katika VICOBA nyingi upo mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa wa mtu. Basi jambo hili la mifugo ni mtoto wa jambo hilo hilo. Kikundi kinaweza kuanzisha mfuko wa pili, wa mifugo, au wafugaji wa kitongoji wakaanzisha kikundi chao.

Tuchukue mfano. Kaya 20 zina jumla ya ng'ombe 150. Wanakubaliana kila ng'ombe alipiwe shilingi 200 kwa mwezi. Kwa mwezi wanapata shilingi 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 360,000. Mwenye ng'ombe 4 anatoa shilingi 800 kwa mwezi. Mwenye ng'ombe 20 anatoa shilingi 4,000. Kila mtu anachangia kwa kadiri ya zizi lake, kwa hiyo hakuna wa kulalamika kuwa ameonewa.

Ili mfuko huo usife, yafaa kuwe na masharti machache yanayoeleweka:

1. Ng'ombe wote waandikwe kwenye daftari: rangi, umri, namba ya hereni. Asiyeandikwa hatibiwi na mfuko.

2. Mfuko ulipe mtaalamu au duka la dawa moja kwa moja. Fedha isipitie mfukoni kwa mwanachama.

3. Anayetibiwa arudishe kidogo kidogo. Kwa ile 60,000 ya mfano wetu, anaweza kurudisha 20,000 kwa miezi 3, au yote baada ya mavuno, kama mlivyokubaliana. Akirudisha, mwenzake naye atapata.

4. Anayekataa kuogesha na kuchanja asisaidiwe. Huwezi kuacha mlango wazi usiku kucha, kisha ukawadai majirani mali iliyoibiwa.

5. Sanduku liwe na kufuli 3, na funguo zishikwe na watu 3 tofauti. Wanaotumia simu, fedha isitolewe na mtu mmoja peke yake. Hesabu isomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi.

6. Kikundi kisajiliwe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vinavyoweka na kukopeshana fedha vinatakiwa kusajiliwa. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza utaratibu.

Kikundi kilichosajiliwa kina faida nyingine pia. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Mikopo hii ni ya miradi. Haitolewi kumtibu ng'ombe aliyelala leo. Lakini kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa kufuga ng'ombe wa maziwa au kuku kinaweza kuingiza chanjo, dawa na kazi ya mtaalamu katika hesabu ya mradi. Wengi husahau. Huandika fedha ya kununua ng'ombe na banda, na hawaandiki hata shilingi moja ya dawa.

JE, BIMA YA MIFUGO?

Bima ni kama ule mfuko wa kitongoji, ila unaendeshwa na kampuni. Unalipa kila mwaka, na likitokea tatizo lililotajwa kwenye mkataba, unalipwa. Hapa nchini zipo kampuni zinazotoa bima ya mifugo. Lakini kabla hujaweka dole gumba au sahihi yako, uliza maneno haya: Je, mnalipa gharama ya matibabu, au mnalipa ng'ombe akifa tu? Je, magonjwa gani hayamo? Je, akiibwa? Nikitaka kudai nilete ushahidi gani?

Tuna sababu ya kusema hivyo. Kule Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010 ilianzishwa bima ya mifugo inayotumia setilaiti kuangalia ukijani wa malisho kutoka angani. Majani yakikauka mno, mfugaji hulipwa. Ni bima nzuri, lakini ni ya ukame. Ng'ombe akifa kwa ndigana, bima ile hailipi. Kwa hiyo usinunue jina la bima. Soma kilichomo ndani. Sasa unajua kusoma, usikubali kusomewa nusu nusu.

TUELEWANE BEI MWANZONI

Jambo la mwisho. Fedha nyingi hupotea kwa sababu mfugaji anaona haya kuuliza. Si utovu wa heshima kuuliza bei. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Karibu, bwana mifugo. Pole na safari."

"Ahsante, mama. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yule pale chini ya mti. Lakini kabla hujafungua begi lako, tuelewane kidogo. Hali yangu siyo nzuri mwaka huu. Ukisha kumpima, niambie kwanza ni ugonjwa gani, dawa yake kiasi gani, na kama kuna matumaini ya kupona."

"Hakuna neno, mama. Nikiona amechelewa mno nitakwambia wazi, usitupe fedha."

"Na fedha nikikupa, naomba stakabadhi. Kikundi chetu kinaitaka."

"Utapata, mama."

Umeona? Hakuna aliyegombana na mwenzake. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, wanaotibu mifugo wanatakiwa kuwa wamesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Jihadhari na yule anayepita mnadani na chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Dawa yake ni rahisi, ndiyo, lakini ng'ombe akifa umelipa mara mbili. Vilevile usimchome ng'ombe mwenyewe kwa kubahatisha. Dozi pungufu haiponyi, na huwafundisha wadudu wa ugonjwa kuizoea dawa. Kisha siku nyingine utanunua dawa hiyo hiyo na haitafanya kazi.

TUMALIZIE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shilingi 500 ya chanjo ni kuziba ufa. Shilingi 200 za mfuko ni kuziba ufa. Kuuza ndama kwa bei ya kutupa ni kujenga ukuta, na mara nyingine ukuta wenyewe hausimami.

Mavuno yajayo yakiuzwa, kabla fedha haijaisha kwenye sare za shule, bati na sherehe, kaeni chini ya mti wenu wa mikutano. Mwiteni afisa mifugo. Hesabuni ng'ombe, hesabuni kaya, andikeni daftari. Novemba itakapofika na ng'ombe wa mmoja wenu akalala zizini, swali la nani atalipa litakuwa limekwisha kupata jibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chenu, ng'ombe wangapi walikufa mwaka jana? Wangapi kati yao wangeokolewa na chanjo au josho?

2. Josho la karibu nanyi linafanya kazi? Kama halifanyi, linahitaji nini?

3. Kama kaya zenu zikitoa shilingi 200 kwa kila ng'ombe kwa mwezi, mtapata kiasi gani kwa mwaka? Fanyeni hesabu kwenye daftari.

4. Je, mjane asiye na ng'ombe ila ana mbuzi 3 na kuku 10 ataingiaje kwenye mfuko wenu? Pangeni mchango wake.